Nani Ameshika Mkasi? Progu, Redio na Wimbo wa Dakika Nne

Hizi ngoma unazijua, hata kama hujawahi kuzitafuta. Kama uliwahi kulipia saa moja ya Vice City kwenye kibanda cha gemu mtaani, basi umeshaiba gari, redio ikawa kwenye Flash FM, na polisi wakakukimbiza huku "Owner of a Lonely Heart" ya Yes ikipiga. Kama wewe ni mtu wa anime, JoJo's Bizarre Adventure ya 2012 ilikuwa ikifunga kipindi kwa lile gitaa la "Roundabout", la Yes haohao, mpaka likageuka meme. Na kama ulimaliza Supernatural, "Carry On Wayward Son" ya Kansas iko kwenye damu yako tayari, na "Heat of the Moment" ya Asia ndiyo ile iliyomwamsha Sam asubuhi ileile tena na tena mpaka ukamwonea huruma.

Nyimbo nne, bendi tatu. Zote zinatoka kwenye mpaka mmoja: pale ambapo roki ya progresivu, ile ambayo mashabiki wake huiita progu, ilipokutana na AOR, yaani roki ya redio za albamu za Marekani. Na kila unapozisoma hadithi za mpaka huu, utaambiwa kitu kilekile. Ati walikuwa wasanii wa kweli, wakaona pesa, wakakata nywele, wakakata nyimbo, wakajiuza.

Mimi hiyo hadithi naiona nyepesi mno. Haisikilizi nyimbo zenyewe vizuri. Mbaya zaidi, inatufanya tuulize swali dogo wakati kubwa liko palepale limesimama.

Tuanze na progu yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Kiingereza waliokulia kwenye kwaya, muziki wa klasiki, jazi na roki waliamua kwamba wimbo wa dakika tatu ni nguo ya mtoto. Yes walitoa "Close to the Edge" mwaka 1972, wimbo wa kama dakika 18 uliojaza upande mzima wa santuri. Mwaka uohuo Genesis wakatoa "Supper's Ready", kama dakika 23. Mwaka 1973 Yes wakaongeza dozi: Tales from Topographic Oceans, albamu ya santuri mbili yenye nyimbo nne tu, kila upande wimbo mmoja. Ukiweka sindano, chai inapoa kabla hujasikia mwisho.

Sasa redio. Watu husema redio ilikuja baadaye kuiharibu progu, kama mgeni aliyevamia boma. Ukweli ni kwamba hawa wawili walikula sahani moja. Katikati ya miaka ya 1960, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliwazuia wenye stesheni za miji mikubwa kurudia tu kwenye FM kila kitu walichokuwa wakirusha kwenye AM. Ghafla FM ikawa na saa nyingi tupu na wasikilizaji wachache, na mahali patupu ndipo watu wa ajabu huruhusiwa kuingia. Mwaka 1967, pale San Francisco, Tom Donahue alianza kupiga albamu kwenye KMPX badala ya singo: nyimbo ndefu, mtangazaji anayeongea kama binadamu, hakuna kelele za kuuza sabuni kila dakika. Mtindo ule ulienea. Bila redio kama hizo, ni nani angempigia mtoto wa Ohio wimbo wa dakika 18 wa Waingereza wanaoimba mambo yasiyoeleweka?

"Roundabout" ni mfano mzuri. Kwenye albamu ya Fragile ina zaidi ya dakika nane. Kampuni iliikata chini ya nusu ili itoke kama singo mwaka 1972, na ikafika nambari 13 kwenye chati ya Billboard. AM ilipiga kipande, FM ilipiga mzima. Mkasi ulikuwepo tangu mwanzo, ila kulikuwa pia na mahali ambapo nguo nzima ilikuwa bado inavaliwa.

Halafu FM ikaanza kuleta pesa, na pesa haipendi kubahatisha. Katikati ya miaka ya 1970, mshauri wa redio aitwaye Lee Abrams, pamoja na mshirika wake Kent Burkhart, walikuwa wakiuza kwa stesheni mfumo ulioitwa Superstars. Wazo lilikuwa rahisi: waulize wasikilizaji wanataka nini, wape hicho, warudishie tena kesho. Mtangazaji ambaye zamani alikuwa akichagua rekodi kwa moyo wake sasa alikuta orodha mezani. Hiyo ndiyo AOR iliyokomaa: bado ni roki, bado ni albamu, lakini ni albamu zilezile na kutoka kila albamu nyimbo zilezile. Boston walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1976, kazi ambayo Tom Scholz, injinia wa Polaroid aliyesomea MIT, aliirekodi kwa sehemu kubwa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake, na Marekani peke yake ikauza zaidi ya nakala milioni 17. Humo ndani kuna "Foreplay/Long Time", inayoanza na kinanda cha kiprogu kabisa kabla ya kugeuka wimbo wa kuimbwa ukiwa barabarani na madirisha wazi. Kila meneja wa kampuni ya rekodi alisikia hiyo na kufanya hesabu.

Kwa hiyo bendi za progu zilifika miaka ya 1980 zikiwa na chaguo: jikunje au potea. Hapa ndipo wanaosema "walijiuza" wanapofunga daftari. Mimi ndipo ninapolifungua, kwa sababu kujikunja si kitu kimoja. Kuna anayekunja nguo ikaingia kwenye begi, na kuna anayekata mikono ya shati.

Sikiliza "Turn It On Again" ya Genesis, ya mwaka 1980. Peter Gabriel alishaondoka mwaka 1975, Steve Hackett naye mwaka 1977, na mpiga dramu Phil Collins ndiye aliyekuwa akiimba. Wimbo hauna hata dakika nne na uliingia kumi bora Uingereza. Unasikika kama ngoma ya kawaida ya redio. Sasa jaribu kuupigia makofi. Utapotea, kwa sababu riff ya Mike Rutherford inazunguka kwa mapigo 13, na mwili wako umezoea 4. Kila unapodhani umeukamata, unakuwa umekuteleza kwa pigo moja. Ongeza hapo kwamba maneno ya kichwa cha wimbo, ambayo kwenye ngoma ya kawaida yangekuwa kiitikio unachopewa kila baada ya beti, hapa hayaji mpaka karibu na mwisho. Na wimbo unamhusu nani? Mtu aliyefungwa na televisheni yake mpaka watu wa kwenye skrini wamekuwa marafiki zake. Ule mdundo usiotulia ndio ugonjwa wake. Ungeunyoosha uwe wa mapigo manne, ungepata wimbo mwepesi zaidi kuuchezea, na yule mtu angekuwa mzima. Ugumu haukukatwa. Umewekwa mahali ambapo huuoni mpaka ujaribu kusimama juu yake.

Hicho ndicho kipimo changu kwa muziki wa mpaka huu: ondoa ile sehemu ngumu, halafu uone kama wimbo unaumia. Ukiumia, huo ni ufundi. Usipoumia, lilikuwa pambo.

Kwa kipimo hicho, Asia wanapata shida. Kwenye karatasi walikuwa timu ya ndoto: John Wetton wa King Crimson, Steve Howe wa Yes, Carl Palmer wa Emerson, Lake & Palmer, na Geoff Downes aliyetoka The Buggles na kupitia Yes. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1982 ilikaa wiki tisa nambari moja kwenye Billboard. "Heat of the Moment" ilifika nambari 4, na kiitikio chake ni noma, sitakudanganya. Wetton alikuwa na sauti ya kujaza uwanja bila kupiga kelele. Lakini sikiliza albamu nzima ukiwa makini. Progu imewekwa pembeni: hapa dramu za Palmer zinapewa nafasi fupi ya kujionyesha, pale kinanda cha Downes kinaachiwa mkia wa wimbo. Kata hizo sehemu na nyimbo hazitoi hata tone la damu. Ni nzuri, zimejengwa vizuri, ila wapigaji wanne wa kiwango hicho wanafanya kazi ambayo wengi wangeweza kuifanya. Unasikia watu walioambiwa wasiguse vyombo vya mwenye nyumba.

Sasa "Owner of a Lonely Heart", ya mwaka 1983. Historia yake ni vurugu tupu. Yes walikuwa wamekwisha kuvunjika. Chris Squire na Alan White walikuwa wakianzisha bendi mpya, wakiiita Cinema, na kijana mzaliwa wa Johannesburg, Trevor Rabin, ambaye kwao Afrika Kusini alishakuwa nyota wa wasichana na bendi ya Rabbitt. Rabin alikuwa na demo. Prodyuza alikuwa Trevor Horn, yule yule wa The Buggles, ambaye "Video Killed the Radio Star" yake ndiyo video ya kwanza kabisa kuonyeshwa na MTV, tarehe 1 Agosti 1981, na ambaye kwa kipindi kifupi aliwahi kuwa mwimbaji wa Yes mwenyewe. Horn aliipenda demo lakini beti hazikumridhisha, akaziandika upya. Jon Anderson, mwimbaji wa zamani, akaitwa mwishoni, na mara jina likarudi kuwa Yes. Albamu ikaitwa 90125 kwa kufuata namba yake ya katalogi, kama mtu aliyechoka kubishana kuhusu jina la mtoto. Januari 1984 wimbo ukafika nambari moja Marekani, mara ya kwanza na ya mwisho kwa Yes.

Mashabiki wa zamani walilia. Lakini hebu sikiliza kilichomo ndani ya dakika nne na nusu hivi. Gitaa zito linaingia kama la bendi ya metali, kisha ghafla linanyamazishwa na chumba kinabaki karibu kitupu. Milipuko ya sauti iliyonaswa kwa mashine inaruka kutoka mahali ambapo hakuna ala yoyote. Solo ya Rabin inapita kwenye kifaa kinachoongeza sauti ya pili juu ya kila noti, kwa hiyo gitaa linasikika kama linabishana na pacha wake. Hakuna sehemu mbili zinazofuatana kwa adabu. Zile kazi za dakika 18 zilijengwa hivyohivyo, kwa kugongesha vyumba visivyofanana; hapa vyumba vimekuwa vidogo na milango imekuwa mingi. Ondoa mshtuko mmoja tu na wimbo unakuwa wa bendi yoyote. Kwa masikio yangu, hii ni progu kuliko nusu ya albamu za progu zilizokuwa zikitoka mwaka ule.

Rush wa Canada walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1976 kampuni yao ilitaka nyimbo za kuuzika, wao wakatoa 2112, yenye wimbo wa dakika 20 upande wa kwanza, na ikawaokoa. Mwaka 1980 wakatoa "The Spirit of Radio", kama dakika tano, kichwa kikitoka kwenye kauli mbiu ya stesheni ya Toronto, CFNY. Ni wimbo wa kuipenda redio na kuilalamikia biashara kwa pumzi moja, na karibu na mwisho unaruka ghafla kwenye rege. Redio zikaupiga. Walimwambia mwenye mkasi usoni kwamba wanamwona, naye akawapa zamu hewani.

Kwa hiyo kama swali ni kama progu ilikufa ilipoingia redioni, jibu langu ni hapana. Mara nyingine ilinolewa. Lakini nilisema kuna swali kubwa zaidi.

Wimbo ule wa Yes una siri. Ndani yake kuna kipande cha dramu ambacho hakikupigwa na Alan White. Kilichotwa kwenye "Kool Is Back" ya Funk, Inc., rekodi ya mwaka 1971 ya bendi ya weusi kutoka Indianapolis, ambayo nayo ilikuwa ikiurudia wimbo wa Kool & the Gang. Yaani moyo wa wimbo uliowaokoa Yes unadunda kwa mapigo ya fanki. Sasa jiulize: stesheni ya AOR ambayo mwaka 1984 ilipiga "Owner of a Lonely Heart" asubuhi, mchana na usiku, ingewapiga Funk, Inc. wenyewe lini?

Jibu linajulikana. AOR ya mwisho wa miaka ya 1970 ilikuwa karibu weupe watupu. Jimi Hendrix alibaki, kama picha ya babu ukutani, lakini wanamuziki weusi waliokuwa hai walielekezwa mlango mwingine. Utafiti ndio uliotumiwa kama sababu: tumewauliza wasikilizaji, hawataki. Na wasikilizaji wangetakaje kitu wasichosikia? Tarehe 12 Julai 1979, Chicago, mtangazaji Steve Dahl wa WLUP, stesheni ya AOR, aliita watu walete rekodi za disko uwanja wa Comiskey Park zilipuliwe kati ya mechi mbili za besiboli. Zililipuliwa kweli, umati ukavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akifanya kazi uwanjani siku hiyo na baadaye akawa mmoja wa waasisi wa muziki wa hausi, amesimulia kwamba rekodi nyingi zilizoletwa hazikuwa za disko hata kidogo. Zilikuwa za weusi tu.

MTV ilirithi orodha hiyohiyo. Mwaka 1983 David Bowie alimuuliza mtangazaji wa MTV hewani mbona wasanii weusi ni wachache hivyo, na utetezi wa stesheni ulikuwa uleule: sisi ni wa roki, ndiyo fomati yetu. Mwaka uohuo Michael Jackson alitoa "Beat It" ikiwa na solo ya gitaa ya Eddie Van Halen, na baadhi ya redio za roki zikafungua mlango. Unaona kilichohitajika? Msanii mkubwa kuliko wote duniani, pamoja na gitaa la mtu ambaye tayari alikuwa kwenye orodha. Miaka miwili baadaye, 1985, Vernon Reid na wenzake walianzisha Black Rock Coalition jijini New York, kwa sababu mweusi mwenye gitaa la umeme alikuwa akiulizwa na kampuni za rekodi atauzwa wapi.

Hapo ndipo neno "kujiuza" linaponichosha. Genesis walijiuza? Asia walijiuza? Sawa, tuseme walijiuza. Lakini kujiuza kunahitaji kwanza uwe na meza sokoni. Bendi ya Waingereza iliyokuwa imeimba kuhusu bahari za kitopografia kwa dakika 80 ilipewa nafasi ya kubadilika, kukosea, kuvunjika, kurudi na jina lake, na kuanza upya. Funk, Inc. hawakupewa nafasi ya kusaliti chochote kwenye soko lile. Waliingia redioni wakiwa wamekatwa vipande, bila jina, ndani ya wimbo wa watu wengine.

Hili halinifanyi niuchukie wimbo. Nauona mkubwa zaidi, na wenye deni. Horn alisikia kwamba roki ile ilihitaji kitu kutoka ng'ambo ya ukuta, akanyoosha mkono akakichukua. Sikio lake lilikuwa huru kuliko redio iliyompiga.

Sisi tunaosikiliza kwa simu mkasi tunaujua vizuri. Spotify huhesabu kwamba umesikiliza wimbo ukifika sekunde 30, na kila prodyuza mwenye akili anajua maana yake: kiitikio kije haraka, utangulizi ufe. Wazee waliopenda rumba walikuwa na mkasi wao pia. Santuri ya 45 ilikuwa fupi kuliko wimbo, kwa hiyo upande A ukawa sehemu ya kwanza na upande B sehemu ya pili, na sebene ikikatika mtu aliinuka akaigeuza sahani. Tofauti ni kwamba pale kilichokatwa hakikutupwa. Kilikuwa kinakungoja upande wa pili.

Kwa hiyo msanii wako akitoa ngoma ya dakika mbili, usikimbilie kumwita msaliti. Isikilize kwanza kama ule ugumu wake bado umo, umejificha wapi, na kama ukiutoa ngoma itaumia. Halafu uliza ni nani aliyeandika orodha, na ni akina nani ambao hawakuwahi kufikiriwa hata kukatwa.

Na leo jioni, piga "Owner of a Lonely Heart" kwa sauti ya kutosha kumkera jirani. Ikiisha, tafuta "Kool Is Back" na uisikilize mpaka mwisho, bila kuruka.